Bonifasi Alikaa Benchi Tangu Asubuhi

Mhandisi Deo ameniomba niandike kurasa chache kuhusu miaka yangu katika ofisi ya ujenzi, ili ninyi mliobaki mzisome. Alisema niandike "mambo ya kujifunza". Nadhani alitegemea orodha. Sina orodha. Nina benchi moja la mbao lililoko koridoni, mkono wa kushoto ukitoka chumba cha michoro, na habari za mtu aliyelikalia asubuhi nzima akinisubiri mimi, na mimi sikutoka. Mengine nitakayoandika ni ya kunisogeza taratibu mpaka hapo, maana sina haraka ya kufika.

Nilianza kazi Kasulu nikiwa binti, na cheti changu cha ufundi sanifu kikiwa bado kinanukia wino wa muhuri. Siku ya kwanza Mzee Filibert, mkuu wa wachoraji, hakunipa kalamu. Alinipa wembe. Siku zile tulichora kwa wino juu ya karatasi ya treisi, na kosa la wino halifutiki kwa raba. Linakwanguliwa kwa ncha ya wembe, polepole, hadi wino utoke na karatasi ibaki nzima. Wiki mbili nilikwangua makosa ya watu wengine. Nilitoboa karatasi tatu, na Mzee Filibert akazitundika zote ukutani juu ya meza yangu. Wageni waliokuja ofisini walidhani ni mapambo.

Alikuwa mtu wa shati jeupe kila siku, na hakuna aliyewahi kumwona na doa la wino. Alinifundisha kuvuta mstari bila kupumua. Alinifundisha kuandika vipimo vikubwa na vilivyo wazi, kwa kuwa atakayevisoma atakuwa amesimama juani, na mikono yake ina saruji. Nilimpenda kama baba, na hadi leo nikishika penseli naishika kama yeye. Lakini alinifundisha na hili, na alilisema mara nyingi hata nikalikariri: "Yustina, ramani ikitoka hapa imekwisha. Fundi hatusaidii kufikiri, anatusaidia kujenga. Kila mmoja ataitwa zamu yake ikifika." Zamu zenyewe zilijulikana: mwashi, kisha seremala wa paa, kisha fundi bomba, kisha fundi umeme, mwisho fundi rangi. Fundi umeme alikuwa anaiona nyumba kwa mara ya kwanza siku anapokuja kuitia waya.

Ndivyo tulivyojenga nyumba ya mwalimu mmoja ambayo swichi ya taa ya sebuleni ilikaa nyuma ya mlango. Mlango nilikuwa nimeuchora ufunguke kulia, mwashi akaugeuza kushoto kwa sababu ya nguzo iliyokuwa barazani, na fundi umeme alipokuja alikuta tundu la swichi liko pale pale nilipolichora, na plasta imekwisha kukauka. Mwalimu yule akawa anaingia gizani, anafunga mlango, anapapasa ukuta, ndipo anawasha taa. Alinieleza hayo kwa upole sana, kama anavyomweleza mwanafunzi aliyekosa hesabu rahisi. Tulicheka ofisini. Mzee Filibert hakucheka, lakini hakubadilisha kitu.

Baadaye nilihamishiwa Kibondo, na huko ndiko nilikokutana na Bonifasi. Alikuwa fundi bomba, mwembamba, mtaratibu, na begani alibeba daima mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ameukunja kama kamba ya ng'ombe. Wengi wenu mmezoea vipimo vya betri, kwa hiyo nieleze. Mpira ule unajazwa maji. Mtu mmoja anashika ncha hii, mwingine anashika ncha ile mbali huko, na maji yakitulia, pande zote mbili yanalingana. Hapo unajua mahali hapa na mahali pale panapishana kimo kiasi gani. Haudanganyi, na hauhitaji chaji. Unahitaji watu wawili tu, na Bonifasi hakuwa na kibarua: mtu wake wa pili alikuwa mkewe, Astelia. Mume anapaza sauti, "Pandisha! Shusha kidogo! Hapo!" na mke anakwaruza alama kwenye kigingi. Watu wa Kibondo walikuwa wakiwatania kwamba ndoa yao imefungwa kwa mpira.

Mara ya kwanza alipoitwa kwenye kazi yangu ilikuwa nyumba ya wauguzi. Aliitwa zamu yake ilipofika, yaani sakafu ilikuwa imekwisha kumwagwa, kusuguliwa na kupakwa rangi nyekundu. Alisimama mlangoni, akavua viatu vya mpira ili asiichafue.

"Mama, choo kitakuwa wapi?"

Nikamwonyesha kwenye ramani.

"Na maji machafu yatatokea upande gani?"

Nikamwonyesha.

Akatazama sakafu. "Kwa hiyo yatapita chini ya hii."

"Ndiyo."

"Basi mniruhusu niipasue."

Akaipasua kwa tindo na nyundo siku tatu. Mwashi aliyeimwaga alikaa nje ameipa nyumba mgongo, kama mtu aliyefiwa, hakutaka kuona. Siku ya tatu Bonifasi alikuja kunywa maji, vumbi jeupe limemjaa kwenye nyusi, akaniambia bila ukali wowote, "Mama, mimi ukinichelewesha sina neno, tindo ninalo. Inayoumia ni nyumba."

Nilikaa na neno lile. Kazi iliyofuata ilikuwa bweni la wasichana, na pale Kibondo hapakuwa na Mzee Filibert wa kunitazama. Nikamwita Bonifasi kabla sijavuta mstari wa mwisho. Nikamwita na seremala wa paa, na fundi umeme aliyeitwa Salumu, mtu mwenye asili ya Ujiji ambaye hakuacha kusema hata mdomo ukiwa na misumari. Tukaitandaza ramani sakafuni, tukaikalia pembeni kama mkeka wa chakula. Katika muda wa kunywa chai moja Bonifasi alikuwa amelihamisha bafu upande wa pili, kwa sababu ardhi inainamia huko. Seremala akaomba vyuma vya kufungia paa viachwe ndani ya lenta, ule mkanda wa juu ya kuta, wakati zege bado bichi. Salumu akataka kujua kila mlango unafungukia wapi, nikamwambia nitamwonyesha hata dirisha. Nilirudia kuchora karatasi mbili nzima. Nyumba ile haikuguswa na tindo hata mara moja. Niliipitia kabla sijastaafu, na kuta zake bado ni kavu.

Kwa hiyo nilijua. Nataka mlielewe hilo kabla sijaendelea, msije mkanionea huruma nisiyostahili. Yaliyofuata hayakuwa makosa ya mtu asiyejua.

Nilirudishwa Kasulu Mzee Filibert alipostaafu, nikakalia meza yake. Mezani nikakuta rula yake ya mbao, na nadhani nilikuta na maneno yake pia. Kompyuta zilikuja. Mchoro uliokuwa ukichukua mwezi ukawa unachukua siku nne, na siku zilizobaki hakuna aliyetupa za kufikiri, tulipewa michoro mingine. Bonifasi naye alikuwa amekwenda Mtendeli kutandaza mabomba kambini wakati Warundi walipokuja, akakaa huko na mpira wake na Astelia wake. Kambi ilipofungwa, na watu wakarudi kwao au wakahamishwa, naye alirudi kijijini kwao, saa moja hivi kwa bodaboda kutoka Kasulu mjini, akalima maharage na mihogo. Tulikuwa tunapigiana simu sikukuu.

Kijiji hicho hicho kikapangiwa kituo cha afya. Ramani ya majengo ililetwa tayari kutoka juu, kazi yangu ilikuwa kuamua kila jengo likae wapi kiwanjani na kuchora mnara wa tanki la maji. Nilikwenda kukagua mara moja, katikati ya masika. Kiwanja kilikuwa mgongo wa kilima unaoteremka hadi kwenye migomba. Mwenyekiti wa kijiji alitaka kituo kikae juu kabisa, ili mtu akipita barabarani akione. Juu palikuwa tambarare, hapakuhitaji kukatwa udongo. Na pale juu palikuwa na bomba la kijiji, nikalifungua mwenyewe, maji yakatoka. Nikanawa mikono, nikarudi mjini, nikachora.

Siku ya kukamilisha mchoro ilikuwa Jumatano. Ulitakiwa upelekwe Kigoma mchana ule na gari la ofisi. Saa mbili asubuhi mhudumu wetu aliingia akaniambia, "Mama Yustina, kuna mzee yuko nje anakuulizia. Anaitwa Bonifasi. Ana mpira begani."

Nilijua yote aliponitajia jina. Nilijua ni nani, nilijua ametoka kijiji gani, na sikuwa mjinga wa kutokisia amekuja kwa ajili ya nini. Sababu za kutotoka nilikuwa nazo, ofisini hazikosekani. Mkuu alikuwa anausubiri mchoro. Fundi akiona ramani kabla hajachaguliwa, watu husema amependelewa. Na kulikuwa na jingine ambalo sikuwahi kulisema mpaka leo: nilikuwa na hofu kwamba ana la maana. Angenifanya nianze upya.

Nikamwambia mhudumu, "Mwambie ataitwa zamu yake ikifika."

Mhudumu akatoka, akarudi. "Anasema atasubiri kidogo."

Saa nne tulikunywa chai kama kawaida. Saa sita gari likaondoka na mchoro. Nilipotoka kwenda kula, benchi lilikuwa tupu, na chini yake palikuwa na udongo mwekundu uliodondoka kwenye viatu.

Aliitwa zamu yake ilipofika. Kuta zilikuwa zimefika kwenye lenta, mnara wa tanki umesimama tayari kule juu, mzuri, mwashi aliunyoosha kweli kweli. Bonifasi alisimama chini yake, mkono kwenye paji la uso, akitazama upande wa pili wa bonde ambako ndiko iliko chemchemi inayolisha kijiji.

"Mama, maji yatafika," aliniambia. "Masika."

"Na kiangazi?"

"Kiangazi maji kwenye kisanduku cha chemchemi yanashuka hivi." Akaonyesha kwa kiganja, kimo cha kitoto kinachotambaa. "Huku juu hayatapanda. Yataishia katikati ya mnara, yatarudi."

Nikasema neno ambalo nikilikumbuka naona aibu hadi masikioni. Nikasema, "Mbona hukuniambia mapema?"

Alitazama mikono yake, akaanza kuifuta kwenye suruali, ingawa ilikuwa safi. Kisha akachukua funguo zake, akaenda kutandaza mabomba kama yalivyochorwa.

Kituo kilifunguliwa wakati wa masika. Maji yalitoka kila koki, watu wakapiga vigelegele. Ilipofika Agosti yakakoma. Ililetwa pampu, ikafanya kazi mpaka ilipoharibika, na fundi wake alikuwa Kigoma. Tangu hapo, kila kiangazi, mama akienda kujifungua ndugu zake wakawa wanambebea maji kutoka bomba la chini, kule kwenye migomba, ambako hayajawahi kukatika. Niliandika barua. Mnajua barua zinavyokuwa.

Kiangazi cha pili, binti yao Bonifasi na Astelia, Leonsia, alikwenda kujifungua mtoto wake wa kwanza. Uzazi ulikuwa mgumu, akalazwa siku kadhaa. Bonifasi alimbebea maji kwa baiskeli, madumu manne, kutoka chini hadi juu. Muuguzi ndiye aliyenieleza baadaye. Siku ya kwanza alileta ya binti yake. Siku ya pili akaona wodini kuna wanawake wawili waliotoka mbali wasio na mtu wa kuwachotea, akaleta na ya kwao. Siku ya tatu akafua na shuka. Alikuwa mzee tayari, na kifua chake kilikuwa kimechoka tangu siku za vumbi la tindo. Muuguzi alimwambia apumzike, akajibu kwamba njia anaijua.

Siku ya nne, asubuhi, waliokuwa wanakwenda shambani walimkuta kwenye kona ya mwisho kabla ya geti. Alikuwa ameiegesha baiskeli kwenye stendi yake, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu isirudi nyuma, akakaa pembeni kwenye majani. Walidhani anapumzika. Madumu yote manne yalikuwa yamejaa, hayakuwa yamemwagika hata tone.

Nilikwenda kumzika. Nilikaa nyuma, na nilipofika mbele ya Astelia kumpa mkono, alinitazama akanipokea kama alivyowapokea wengine. Nilitamani anitukane. Nilirudi Kasulu, na kwa miezi mingi sikuweza kufungua bomba nyumbani kwangu bila kufikiria ile kona. Sikumwambia mtu yeyote ofisini. Wote walijua amekufa fundi bomba mmoja mzee, kifua.

Mwaka wangu wa mwisho kazini ikaja habari ya kuongeza wodi mpya ya wazazi pale pale. Deo, ambaye wakati ule alikuwa amekuja juzi kuwa mhandisi wetu, aliniletea ramani mezani na tabasamu. "Mama, hii ni ya wiki moja tu kwako. Iunganishe na jengo la zamani kule juu, basi."

Nikamwambia sichori.

"Kivipi, Mama?"

"Sichori mpaka mafundi wake wote wapite pale kiwanjani. Bomba, umeme, paa. Na muuguzi."

"Lakini Mama, mafundi hawajapatikana. Utaratibu unaujua vizuri kuliko mimi. Tukiwaita sasa tutaambiwa tumewapendelea."

"Tuwaite kijiji kizima, basi. Bandika tangazo. Fundi yeyote anayetaka aje aseme. Tuandike muhtasari, kila mtu asaini, asiyeajiriwa asaini, ofisi isaini. Nani atasema amependelewa?"

Deo ni kijana msikivu, namsifu hapa kwa kuwa najua atasoma. Aliniuliza kwa nini nimeshikilia hivyo, na ndipo kwa mara ya kwanza nikamsimulia mtu habari ya benchi. Alipomaliza kusikia alichukua kalamu, akaanza kuandika tangazo.

Lakini kulikuwa na kitu tangazo lisingeweza kuleta. Bonifasi asingekuja ofisini na mpira begani kama hajapima. Nikapanda bodaboda, nikaenda kwa Astelia.

Nilimkuta anapepeta maharage uani. Leonsia alikuwa ndani na mtoto. Nikamwamkia kwa Kiha, "Mwidiwe," akanivutia kigoda. Hakuniuliza nimefuata nini. Nikamwambia yote, tangu mhudumu alipoingia hadi benchi lilipokuwa tupu. Nikamwomba msamaha. Alipepeta ungo mzima nikisema.

"Nilikuwa najua," alisema. "Tulipima Jumapili, baada ya misa. Mimi na yeye. Tangu chemchemi mpaka kiwanjani, kigingi kwa kigingi, mpaka jua likazama. Alisema jengo likishuka hatua sitini tu, maji yatalala humo ndani masika na kiangazi, hata mnara hauhitajiki. Jumatano akaenda kukuambia."

"Alirudi akasemaje?"

"Alikunywa uji. Mimi nilikasirika, mawe, mama yangu, nilikasirika sana. Nikamwambia, mtu unayemfahamu miaka yote hiyo anakuacha benchini kama mwizi? Akaniambia nisikulaumu. Akasema, 'Ana kazi nyingi yule mama.'"

Nililia pale uani mbele ya maharage ya watu, na Astelia akaniacha nilie.

"Vigingi bado viko?" nilimwuliza baadaye.

"Waashi wenu walivichoma, walipikia. Siku ya kusafisha kiwanja." Akasimama, akaingia ndani, akatoka na ule mpira umekunjwa. "Lakini aliyekuwa anakwaruza alama ni nani?"

Siku ya mkutano walikuja watu wengi kuliko Deo alivyotegemea. Salumu alikuja kutoka mjini, mvi kichwa kizima na mdomo ule ule. Astelia alipita katikati yetu bila kusalimiana sana, akateremka, akahesabu hatua kutoka kwenye jiwe moja, akasimama. Akamkabidhi Deo ncha moja ya mpira, akaenda upande wa bonde na ncha nyingine. "Pandisha!" alipaza sauti. "Shusha kidogo! Hapo!" Deo, na shahada yake, akawa anatii. Ilikuwa sauti ya mwanamke, lakini maneno yalikuwa ya Bonifasi, hata namna ya kukata pumzi. Mwenyekiti wa kijiji, aliyewahi kutaka kituo kionekane barabarani, alivua kofia.

Pale Astelia alipokuwa amesimama kwanza tukaichora wodi kwa majivu juu ya ardhi, kwa ukubwa wake halisi. Muuguzi akapita ndani ya kuta za majivu akijifanya anasukuma kitanda, akakwama kwenye mlango, tukaupanua kwa mguu. Salumu akachomeka kijiti kila penye swichi, akauliza kila mlango unafungukia wapi, akanitazama mimi. Seremala akauliza upepo wa kiangazi unatoka wapi, na watu watatu wakamwonyesha kwa pamoja. Kufuta ukuta kulihitaji unyayo tu. Ndipo nikarudi mjini nikachora, mchoro wangu wa mwisho, na sikuwahi kuchora kwa urahisi kama ule.

Wodi ilikamilika kiangazi kikiwa kimekaza. Kule juu koki za jengo la zamani zilikuwa kavu. Tukamwomba Astelia afungue ya kwanza. Alifungua, maji yakatoka mengi, yakamrukia kwenye kanga. Akayakinga kwa kiganja, akayatazama yakipita kati ya vidole.

"Maji yalikuwa hapa hapa," alisema, bila kuniangalia. "Siku zote yalikuwa hapa hapa."

Nilistaafu miezi michache baadaye. Mlinipa saa ya ukutani na keki, na maneno mazuri ambayo sitayarudia. Jioni ile, mlipokuwa mmekwisha kutawanyika, nilibaki kukusanya vitu vyangu. Nilichukua rula ya Mzee Filibert na wembe mmoja wenye kutu. Nilipotoka koridoni nikaona nikae kwenye lile benchi kidogo, mguu ulikuwa unaniuma. Miaka yote ile nilikuwa nimelipita, sikuwahi kulikalia.

Mlango wa chumba cha michoro una kioo. Nilikuwa najua kina kioo. Sikujua kwamba ukikaa pale, kioo kile kinakuonyesha meza yangu yote, kiti, chupa ya chai, kila kitu, karibu kabisa.

Saa nne ya Jumatano ile tulikunywa chai. Kulikuwa na maandazi. Nakumbuka nilisimulia habari ya mwalimu na swichi yake, wenzangu wakacheka, nami nikacheka mpaka nikaweka kikombe chini. Tulikaa karibu nusu saa.

Alikuwa ananiona. Akarudi nyumbani, akanywa uji, akamwambia mkewe nina kazi nyingi.